Gego la Mtihani

Mtoto alimng'ata mama yake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda asubuhi ile, kitabu cha mizizi ya meno kimeegemea mto, anasoma huku ananyonyesha, na mtoto ananyonya vizuri tu kama siku zote, mara kitu kigumu kikambana titi kikasaga, kikaenda kikarudi, kama mtu anayetafuna nyama yenye mishipa. Akapiga yowe. Akapenyeza kidole mdomoni mwa mtoto kumwachisha, na kidole kikapita ufizi wa juu wote, kikapita wa chini wote. Laini. Jino hamna, hata uvimbe wa jino linalokuja hamna. Mtoto akamcheka kwa kinywa kitupu, mate yanamtiririka kidevuni.

Baba yake alimwita Kibogoyo tangu wiki aliyozaliwa, na jina likaganda nyumba nzima. Baba huyo alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa mizaha, hata akiwa amelala kifudifudi nyuma ya friji la mtu bado anachekesha. Alimwita mkewe Daktari ingawa mkewe alikuwa hajamaliza, ndiyo kwanza yuko mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno, na akiona wageni alikuwa anawaambia kwamba ameoa daktari wa meno akazaa naye kibogoyo, kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wameshamkosa. Aliposikia habari ya kung'atwa akasema mtoto anafanya mazoezi. Mama mzazi wa fundi, aliyehamia kwao ili amlee mjukuu Daktari akiwa chuoni, akasema ni ufizi unawasha, apewe kitambaa cha maji baridi atafune, yataisha. Akamchukua mtoto begani. Njoo mume wangu, akamwambia, wanakusingizia hawa.

Daktari akaingia bafuni, akafunga mlango, akajitazama kwenye kioo. Mtoto anayeota meno anaacha mikwaruzo miwili midogo ya meno ya mbele, hilo analijua, amelisoma. Hii haikuwa hiyo. Vilikuwa vishimo vinne vimekaa pembe nne, na katikati yake msalaba wa ngozi iliyobanwa, alama ya uso wa gego, gego la mtu mzima, la taya la chini, lile la mwisho kabisa kule nyuma. Angeweza kulichora amefumba macho. Maana alikuwa nalo. Lilikuwa jikoni, ndani ya kichupa cha dawa, juu ya kabati nyuma ya sufuria kubwa, mahali ambapo mama mkwe mkono wake haufiki.

Watu wengi hawajui kwamba wanafunzi wa meno hujifunzia meno ya watu. Ya plastiki yapo, lakini plastiki haina ukaidi wa jino, na mtihani wa mwisho wa kutoboa na kuziba unafanywa kwenye gego la kweli, zima, lisilo na tundu wala ufa, na kila mwanafunzi analitafuta mwenyewe. Sasa nani anang'olewa gego zima? Watu wanakuja na magego yaliyooza hadi yamebaki maganda. Kwa hiyo mwaka wa mwisho wanafunzi wanazunguka kliniki ya chuo kama kunguru, wanachungulia kila koleo linalotoka kinywani mwa mtu, wanaombana, wananuniana. Na yeye mtihani huo alishaanguka mara moja, mwaka uliopita, mimba ikiwa changa, alitapikia beseni mbele ya Profesa na mkono ukamtetemeka mpaka jino likapasuka. Mara ya pili ndiyo ya mwisho. Ukianguka unafungasha, na miaka yote ile ambayo mumewe alilala chini nyuma ya mafriji ya watu ili yeye asome inakwisha hivyo hivyo, hewani.

Ndipo akaja yule bwana mpole. Alikuja mchana, shati limepigwa pasi, mwilini hana harufu yoyote, si ya sabuni si ya jasho, akalalamika kwamba gego lake la mwisho limelala ubavu na linamsumbua. Aliyemng'oa ni mwanafunzi mwingine, ambaye darasa zima lilimwita Waziri kwa sababu ya tai zake, na Daktari alikuwa msaidizi wake, kazi yake kushika mrija wa kunyonya mate. Mrija haukunyonya kitu. Kinywa cha yule bwana kilikuwa kikavu kama sahani iliyopanguswa. Na gego lilipotoka, zima, jeupe, zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona, halikutoka na hata tone la damu, Waziri akajisifu kwamba huo ndio unaitwa mkono mwepesi.

Kabla ya sindano ya ganzi yule bwana alikuwa ameomba jambo moja tu.

"Dada, likitoka naomba unipe. Kwetu hatuachi kipande cha mwili ugenini."

Alimjibu sawa kaka, bila wasiwasi. Halafu Waziri alipogeuka kunawa, Daktari akaokota jino bovu kwenye ndoo ya taka, akalifunga kwenye shashi, akamkabidhi yule bwana, na lile zima likatumbukia mfukoni mwa koti lake jeupe. Yule bwana hakufungua kifurushi. Alikitia mfuko wa shati, akakipapasa kwa kiganja kama mtu anayemtuliza kifaranga, akashukuru, akaondoka. Daktari akajiambia, hao wenyewe wakifika nyumbani wanayatupa. Ni jino tu.

Sasa kuanzia asubuhi ile ya kung'atwa nyumba ikabadilika. Kwanza sauti. Alikuwa anakosha vyombo, mama mkwe anakunja nguo sebuleni, na kutoka chumbani alikolazwa mtoto ikaja sauti ya meno yanayosagana, taratibu, mfupa juu ya mfupa. Mama mkwe akauliza kama mwanawe karudi, maana tangu mdogo akilala anasaga meno vile vile. Daktari akasema hajarudi. Wakatazamana. Wakaenda pamoja, mama mkwe mbele ameshika nepi mbichi kama mtu anayekwenda kuua nyoka, wakamkuta mtoto peke yake, amelala chali, macho yamefumbwa, taya linakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, na kinywani hamna kitu.

Halafu harufu. Jino likitobolewa linatoa harufu yake, mfupa unaoungua pamoja na mafuta ya karafuu ya dawa, na Daktari harufu hiyo aliipenda, ndiyo ilikuwa harufu ya maisha anayoyatafuta. Sasa ilikuwa inatoka puani mwa mtoto kila anapopumua. Mumewe akasema ni yeye anayeleta kliniki nyumbani kwenye nguo, akafua makoti yote, akafua shuka, akafua pazia, akamwogesha mtoto na kumnusa nywele zikiwa bado na maji, na harufu ikampiga usoni, ya moto, kama mashine imezimwa sasa hivi.

Halafu kunyonya kukakata. Mwanzoni alivumilia, anauma meno yake mwenyewe huku machozi yanamtoka, lakini mtoto akaacha kabisa, akawa anageuza uso pembeni taratibu kama mtu mzima aliyekaribishwa chakula asichokitaka. Chupa akaitafuna chuchu yake ya mpira mpaka ikakatika, akaitema. Mapaja yaliyokuwa na mikunjo yakalegea kama soksi. Wakampeleka kwa daktari wa watoto, akapimwa, akaguswa, akamulikwa kila mahali, wakaambiwa hana kitu, wampe muda, na dawa ya matone ya kuongeza hamu. Fundi mizaha ikaanza kumwishia. Mama mkwe akaacha kumwita mume wangu, akawa anamwita tu mtoto, huyu mtoto, na akimbeba anamgeuzia uso nje.

Na Daktari alikuwa anajua. Hilo ndilo lililokuwa linamla. Alimtafuta Waziri kwenye korido la chuo, akamuuliza kwa sauti ya chini yule bwana anakaa wapi, yule wa gego la mwisho, mwenye shati la pasi. Waziri akamuuliza bwana gani. Siku hiyo unayoisema, akamwambia, mimi kiti changu kilikuwa kibovu, sikung'oa mtu, na wewe ulikuwa umekaa pale kwenye benchi unasinzia, tukakuonea huruma, tukasema mama wa mtoto mchanga mwacheni. Akacheka, akampiga begani, akamuuliza kama gego la mtihani ameshapata.

Angeweza kulizika siku hiyo hiyo. Angeweza kulipeleka hata kwenye kile kiti, akaliweka pale, akaomba radhi kwa hewa. Lakini mtihani ulikuwa mlangoni na gego lingine zima hakuwa nalo na hakuna wa kumpa. Akajiambia, baada ya mtihani. Nikitoka tu. Mtoto atavumilia kidogo.

Chumba cha mtihani kilikuwa na safu za vichwa vya chuma vyenye mashavu ya mpira, na kila mwanafunzi alifunga gego lake kwenye taya la kichwa chake, akavuta taa, akangoja. Alipolishika gego lilikuwa na joto. Akadhani ni taa. Profesa, mama mmoja mfupi ambaye viatu vyake husikika kabla yake, akasema anzeni, mashine zote zikalia kwa pamoja kama nzi wamefungiwa ndani ya kopo, na Daktari akashusha ncha juu ya gego na mkono wake ukatulia, ukatulia kama haujawahi kutulia maishani mwake, ukachonga tundu la kuta zilizonyooka, ukapakia madini ya kuzibia, ukayashindilia, ukayachonga, yeye mwenyewe anautazama tu na kuushangaa. Simu ilikuwa inatetemeka ndani ya mkoba, tena na tena. Hakuitazama.

Profesa akaja, akachomeka sindano yake ya kupimia, akaizungusha, akainama.

"Kazi safi. Ila umeacha ukingo kidogo upande wa ulimi. Huyu mgonjwa ulimi wake utakuwa unaukuta hapo kila siku ya maisha yake." Akaandika. "Lakini umefaulu, mama. Hongera."

Gego likafungiwa kwenye sanduku la chuo pamoja na ya wenzake. Akatoka nje anacheka na kulia, ndipo akaifungua simu. Aliyepiga ni mama mkwe. Akampigia, na mama mkwe akamweleza kwa sauti iliyokauka kwamba mtoto alilia kilio ambacho yeye katika kulea kwake kote hajakisikia, kichwa kimekakamaa kana kwamba kimeshikwa na mtu, mdomo umepanuliwa haufungiki, kilio cha kupanda na kushuka, kinakatika kidogo kinaanza tena, na sasa amenyamaza tu ghafla na anautembeza ulimi mdomoni, haachi. Daktari akamuuliza amenyamaza muda gani. Mama mkwe akataja. Ni pale alipozima mashine.

Alifika nyumbani hajui amefikaje, akanawa mikono kwa sababu mikono yake imezoea kunawa kabla ya kugusa kinywa cha mtu, akachukua tochi, akamlaza mtoto juu ya mapaja, akambana kidevu taratibu na mtoto akafungua mwenyewe, akafungua kama mgonjwa aliyezoea, na kule nyuma kabisa, chini, upande wa kulia, mahali ambapo taya la mtoto wa umri ule halijafika hata kuwa taya la kutosha, ufizi ulikuwa umepasuka na kutoka humo lilikuwa limesimama gego, pana, zima, jeupe, la mtu mzima, limejaa pale kama kabati lililoingizwa kwenye chumba kidogo, na juu yake, linang'aa kwenye mwanga wa tochi, madini ya kuzibia, mapya, na yeye hakutaka kufanya alichokifanya lakini alikifanya, akapitisha ukucha upande wa ulimi, na ukucha ukakwama kwenye ukingo.

Mumewe aliporudi kutoka kazini alimkuta amekaa sakafuni na mtoto, tochi inawaka bado na mchana haujaisha. Akamwambia yote. Kifurushi, ndoo ya taka, dada naomba unipe, yote, kwa mkupuo, bila kupumua. Fundi akachukua tochi, akatazama mwenyewe, akaizima. Alikuwa na swali moja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu aliponing'ata."

"Na ukaenda mtihani."

Hakupaza sauti. Angepaza angalau. Alichukua blanketi, akamfunika mtoto, akawaambia mkewe na mama yake waondoke wote.

Mama mkwe ndiye aliyemjua mwanamke wa kumpelekea mtoto. Alikuwa anaitwa Bibi Mapazia kwa kuwa anashona mapazia, chumba chake chote vitambaa vimening'inia mpaka huoni ukuta uko wapi, na watu walikuwa wanakwenda kwake kwa mapazia na wengine kwa mambo ambayo hayasemwi mbele ya wenye mapazia. Walimkuta ameketi nyuma ya cherehani, shavu moja limevimba kama ameficha embe ndani, amelifunga kwa leso. Mama mkwe, hata katika hali ile, akamtambulisha mkwe wake kwamba anasomea meno.

"Mungu kakuleta, mwanangu," Bibi Mapazia akasema, upande mmoja wa mdomo. "Hili limeninyima usingizi. Mimi majini siyaogopi hata kidogo, lakini nikimwona daktari wa meno nakimbia. Tukimaliza ya kwenu nawe utanitoa hili, polepole."

Daktari akaahidi. Wakacheka kidogo, mara ya mwisho kucheka pamoja humo ndani.

Bibi Mapazia akamchukua mtoto, akamlaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, akapitisha kidole kinywani mwake. Kisha akainama karibu na sikio lake akaanza kusema maneno yake ya chini chini, na mapazia yote mle chumbani, na dirisha limefungwa, yakaanza kuvutwa ndani na kuachiwa, ndani na kuachiwa, kama chumba kizima ni kifua cha mtu, na harufu ya mfupa unaoungua ikapanda mpaka fundi akaziba pua, na mtoto, aliyekuwa hajafika hata kusema baba, akafumbua macho akamtazama mama yake moja kwa moja na kuongea, kwa sauti ile ile, ya upole, ya mtu mwenye shati la pasi.

"Dada. Mimi nilikuomba kwa adabu."

Fundi akaegemea ukuta wa vitambaa, na ukuta haukuwepo, akaanguka chini, hakuna aliyemsaidia.

Bibi Mapazia akauliza mgeni anataka nini ili aondoke. Sauti ikasema inataka jino lake. Akaambiwa jino litatafutwa, litaletwa, hata kwa kuvunja sanduku. Sauti ikajibu, bila hasira, kwamba lilikuwa zima na sasa limetobolewa, limetiwa chuma, na kwamba limetobolewa mwenyewe akiwa bado ndani yake, na alikuwa anasikia maumivu. Ikasema imepata hapa mahali pa kulikuzia lingine, na kisha lingine, mpaka kinywa kijae. Ikasema mtoto ni mdogo, huenda akafa kabla kinywa hakijajaa, lakini itajitahidi.

"Basi sema kingine," Bibi Mapazia akasema. "Kila mtu ana kingine."

Taya la mtoto likasaga kidogo, kushoto, kulia, linafikiri.

"Nipe mkono uliolitoboa."

Bibi Mapazia akanyoosha kiganja kumziba Daktari mdomo, usimjibu, subiri, hao huwa wanapandisha bei ili wewe ushushe, lakini kiganja kilichelewa, mama wa mtoto alishajibu. Alikuwa anayaona yale mapaja yaliyolegea. Aliona udaktari, koti, kliniki, miaka yote, na hakuona kitu.

"Chukua."

Mapazia yakaanguka yakatulia. Mtoto akakohoa, na gego likamtoka mdomoni likadondoka juu ya meza bila damu, likabiringika, likamomonyoka kuwa unga mwembamba ambao Bibi Mapazia aliufuta haraka kwa kitambaa na kukitia kwenye makaa ya chetezo chake. Mtoto akalia. Kilio chake mwenyewe, cha njaa, cha ugomvi, na fundi naye akalia pale pale chini alipoangukia. Daktari akafungua blauzi mbele ya wote, akamnyonyesha kati ya vitambaa vya watu, na ufizi ulikuwa laini, laini, mtoto akanyonya upande huu akahamia upande ule mpaka akalala, tone la maziwa kwenye kona ya mdomo.

Ndipo Bibi Mapazia akauliza mkono anausikiaje. Daktari akaukunja, akaukunjua. Akagusisha kidole gumba kwa kila kidole. Akasema hamna kitu, uko vile vile, na akacheka kidogo kwa kutoamini bahati yake.

Bibi Mapazia hakucheka. Alikuwa anautazama mkono ule kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Basi amehama tu," akasema. "Katoka kwa mtoto kaingia hapo. Na ulichompa kwa mdomo wako mwenyewe mimi siwezi kumdai."

Daktari akakumbuka ahadi, akainuka, akanyoosha kidole kuelekea lile shavu lililovimba, angalau alitazame kabla hawajaondoka. Bibi Mapazia akarudisha kiti nyuma mpaka kikagonga cherehani.

"Hili nitalivumilia, mwanangu. Nendeni."

Alihitimu. Picha ipo sebuleni, fundi kavaa suti ya kuazima anacheka kuliko mhitimu, mama mkwe kamshika Kibogoyo mnene. Akaajiriwa kwenye kliniki kubwa ya meno, na huko sifa zake zikaenea haraka, kwamba yule mama mkono wake hautetemeki, hauchoki, anang'oa huku mgonjwa bado anasubiri kuumia. Wagonjwa walikuwa wanaulizia zamu yake. Yeye akiwa kazini alikuwa anasimama nyuma ya mkono wake, anautazama unafanya. Jioni unalegea, unakuwa mzito na wa joto, unalala mpaka kesho.

Siku za mapumziko ndizo zilizokuwa mbaya. Usipofanya kazi haulali. Unaanza kugonga meza kwa kucha, unafungua droo, unafunga, unapapasa. Mara moja mumewe alisinzia kwenye kochi mdomo wazi na yeye alikuwa anaangalia kitu kingine, akashtuka kidole gumba na cha shahada vimeshaingia kwenye midomo ya mumewe, vinatikisa meno yake moja moja, polepole, kama anayechagua tunda. Fundi akaamka akadhani ni utani, akamng'ata kidole kwa mchezo. Tangu siku hiyo Daktari akaanza kuomba zamu za wenzake. Jumamosi, Jumapili, sikukuu, zote akazibeba. Mkubwa wa kliniki akasema angekuwa na madaktari wa namna hiyo kumi angelala usingizi. Mama mkwe akanung'unika kwamba mtoto ataanza kumwita yeye mama. Mumewe aliacha kumuuliza kwa nini hapumziki. Daktari alipokuwa anamlisha mtoto alitumia mkono wa kushoto, na wa kulia aliukalia.

Na mtoto akaota meno. Ya kweli, yake, madogo, meupe, mawili chini na mawili juu, nyumba nzima ikashangilia na kumtafutia jina jipya.

Kisha kliniki ikafungwa ili ipakwe rangi. Alimsihi mkubwa amwachie hata chumba kimoja, hata stoo, atahudumia wagonjwa humo humo kwenye harufu ya rangi, na mkubwa akacheka, akamwambia nenda nyumbani mama, ukacheze na mwanao. Siku ya kwanza aliuchosha mkono kwa kufua. Ya pili aliufunga kwa kitambaa akasema umeteguka, na mkono ukakifungua kitambaa wenyewe, fundo baada ya fundo, ukakikunja vizuri, ukakiweka pembeni.

Siku iliyofuata, mchana, mumewe yuko kazini, mama mkwe yuko bafuni anaoga, maji yanasikika, na yeye amekaa sakafuni sebuleni ameukalia mkono kwa uzito wake wote, na mtoto yuko upande ule mwingine wa chumba na kijiko chake cha kuchezea, na akausikia mkono unajitoa chini ya paja lake, bila papara, bila nguvu, kama mtu anayeamka kwa wakati wake, akaushika kwa wa kushoto, akaubana, akaupigiza sakafuni, akamwita mama mkwe na maji ya bafuni yakaimeza sauti, na mkono ukanyooka mbele yake, ukageuza kiganja juu, na vidole viwili vikajikunja na kukunjuka, taratibu, kwa upole, kama daktari anayemwita mgonjwa anayefuata. Mtoto akaangusha kijiko. Akaja anatambaa mbio, anacheka, kinywa wazi, kuufuata mkono wa mama yake.